Leseni ya Shilingi 12,000

Sina gari. Sina bodaboda, sina bucha, sina duka la vileo, sina bunduki. Mtu wa namna yangu hana sababu ya kuulizwa leseni na yeyote, ndiyo maana nikimwona askari wa usalama barabarani natembea kifua mbele, na nikiwa na furaha nampungia mkono. Lakini Julai iliyopita, kwenye kikao cha harusi juu ya milima ya Usambara, mbele ya baba mkubwa, mashangazi wawili na mzee mmoja ambaye mpaka leo sijajua ni ndugu yetu kwa upande upi, simu yangu mwenyewe ilinisimamisha ikaniuliza leseni. Nikawa sina.

Nieleze tangu mwanzo, maana nikianzia katikati nitaonekana mwizi, na kuonekana mwizi nimeshaonekana vya kutosha.

Mimi ni mweka hazina wa ukoo. Sikugombea. Mwaka 2019 nilichelewa kikao kimoja, nilipofika nikakuta nimeshachaguliwa na watu wanapiga makofi. Kazi yenyewe ni kupokea michango ya harusi na rambirambi, kuiandika, na kupokea lawama. Nilianza na daftari, mtoto akalichora magari. Nikahamia kujitumia ujumbe mwenyewe WhatsApp, nikawa mtu wa ajabu anayejiandikia usiku "Mama Hadija 20,000" halafu hajijibu. Mwishowe mpwa wangu alinionea huruma akaniwekea programu ya hesabu kwenye simu. Ya bure.

Ile ya bure ilikuwa na kila kitu. Unaandika jina, unaandika ahadi, unaandika kilichotolewa, inakutolea baki. Kosa lake lilikuwa moja tu, matangazo. Kabla hujahifadhi mchango wa mtu linafunguka tangazo la mchezo wa kupanga peremende, na alama ya kulifunga imewekwa pembeni kabisa, ndogo kama punje ya ulezi. Vidole vyangu ni vya mtu aliyelima. Nikiigusa ile punje naikosa, napelekwa dukani kupakua peremende.

Nilivumilia. Kilichonishinda ni msiba mmoja wa Tabata. Nimekaa kwenye mkeka nahesabu rambirambi kimyakimya, shehe anasoma dua, watu wameinamisha vichwa, mara simu ikapiga tarumbeta na mwanamke akapaza sauti kwa Kiingereza kwamba nimeshinda. Nimeshinda! Watu wote wakageuka. Mjane naye akageuka.

Usiku uleule nilinunua ile ya kulipia. Shilingi 12,000, unalipa mara moja, hakuna matangazo maisha yako yote. Kwa sisi tusio na kadi ya benki inayokubalika huko nje, kununua programu ni safari. Unatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu, unaijaza pesa, unaandika namba kumi na sita huku umetoa ulimi, duka linakataa, unakuta umekosea mwezi na mwaka, unaanza upya. Karibu na saa sita usiku pesa ikakubali kuondoka. Mama watoto akaamka akaniuliza ninanunua nini saa hizi.

"Programu ya hesabu."

"Si unayo?"

"Ninayo, ila hii haina matangazo."

Akakaa kitandani akanitazama. "Kwa hiyo umetoa elfu kumi na mbili ili usiletewe kitu."

Nilimjibu kwamba ni suala la utu, la heshima kwa kazi ya mtu. Kuna kijana mahali fulani amekesha akiandika programu hii, na anastahili ujira wake. Mama watoto alishalala.

Mpwa wangu alipopata habari alisikitika kama mtu aliyefiwa. "Anko, si ungeniambia! Fundi wetu pale Kariakoo anayo ileile ya kulipia, imeshafunguliwa. Ningekurushia kwa Xender dakika moja." Nikamkatalia kwa sauti ya mtu mzima. Hiyo ni haramu, ni wizi, na mweka hazina hawezi kutunza pesa za watu kwenye kitu cha wizi. Sauti yenyewe niliipenda. Nilitembea wiki nzima nikiwa na hewa ya mlipakodi.

Haki ya kijana huyu naijua, naye kakulia kwenye kurushiana. Kwetu programu ilikuwa ikienda kama chumvi kwa jirani. Mtu mmoja ana bando, anapakua, mtaa mzima unachota kwake kwa Xender au SHAREit, simu kwa simu, bila kumaliza hata megabaiti moja. Na sisi wakubwa tuliwafunza nini? Tulikuwa na WhatsApp ya kulipia, wenye umri wangu wanakumbuka. Mwaka wa kwanza bure, baada ya hapo senti 99 za dola kwa kila mwaka. Tarehe ya mwisho iliandikwa humohumo ndani, unaiona kabisa, kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake. Siku inakaribia, unaogopa. Kwa wengi wetu siku ilifika, tarehe ikajisogeza yenyewe mbele bila kudai shilingi. Wengine walisadiki kwamba ni kwa sababu walitii ule ujumbe uliosema tuma kwa watu kumi alama yako igeuke bluu. Shangazi yangu wa pili alituma kwa watu kumi, akahesabu, akatuma kwa wawili wa akiba. Januari 2016 wenye WhatsApp wakaifuta ile ada, na moja ya sababu walizotoa ni kwamba watumiaji wengi hawana kadi ya benki. Nilipoisoma ile sababu nilihisi kama wameniona mimi dirishani.

Turudi mlimani.

Binti wa kaka yangu anaolewa, na wazee walitaka kikao kifanyike nyumbani, yaani kule juu. Unapanda basi Dar, unashuka Mombo, unapandishwa kona za Soni hadi Lushoto, halafu unakabidhiwa kwa kijana wa pikipiki ambaye haamini breki. Julai huko ni baridi ya kutafuta blanketi mchana. Mtandao wa kupiga simu unaupata ukisimama mlangoni na kugeukia magharibi. Wa intaneti unapanda kilima cha nyuma ya shule, mahali wenyeji wanapaita Mnarani. Mnara haupo. Wanausubiri.

Kikao kikafunguliwa kwa dua, chai ya tangawizi ikapita na viazi vya kuchemsha, wakasemwa waliochelewa. Kisha baba mkubwa akaniangalia. "Mweka hazina, tusomee."

Nikajiweka sawa. Nikatoa simu, nikaifuta kioo kwa ncha ya shati, maana nilitaka waone kwamba mambo siku hizi yanakwenda kisasa. Nikagusa ile programu yangu ya kulipia. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kikasimama, kikatoka kisanduku cheupe chenye Kiingereza cha ofisini: leseni haikuweza kuthibitishwa, hakikisha una intaneti. Chini yake vitufe viwili. Jaribu Tena, na Toka.

Nikajaribu tena. Kiduara.

"Vipi?" akauliza baba mkubwa.

Sasa hapa ndipo nilipofanya kosa la kijinga kuliko yote. Nchi hii ina kauli moja inayokubaliwa na benki, ofisi, maduka na wadaiwa wote, nayo ni "mtandao unasumbua". Ningesema hivyo tu wangenielewa, wangenihurumia, na kikao kingeahirishwa kwa amani. Badala yake nikasema ukweli. "Inaniuliza leseni."

Kimya.

"Leseni ya nini?" akauliza shangazi mkubwa. "Umeanza kuendesha?"

"Leseni ya programu, shangazi. Inataka kuhakikisha kama nililipia."

"Na ulilipia?"

"Nililipia."

"Kama ulilipia inakuuliza nini?"

Nimelitafakari swali hili tangu siku ile, na nimesoma nilichoweza kusoma. Kabla ya kufika huko, ngoja nimalize kuaibika.

Nilikumbuka kwamba ile programu ya zamani, ya bure, sikuwa nimeifuta. Nikaigusa. Ikafunguka papo hapo, hata kope sijapepesa. Haikuuliza jina, haikuuliza leseni, haikuzungusha kiduara. Na hapo nikagundua jambo lililoniuma kuliko lile la leseni. Hapakuwa na tangazo. Hata moja! Peremende hazikuja, tarumbeta haikulia, yule mwanamke hakupaza sauti. Matangazo huja na intaneti, na mlimani intaneti haipo, kwa hiyo yakabaki Mombo. Nilitoa 12,000 ili nipate programu isiyo na matangazo, na hiyo hapo mkononi mwangu, safi kama maji ya chemchemi, ya bure. Iliyogoma ni ile niliyolipia.

Nikaanza kusoma majina kwa furaha. Majina 37. Jina la mwisho lilikuwa la tarehe 14 Juni, usiku nilionunua ile nyingine. Waliotoa baada ya hapo wote niliwaandika kwenye programu ya kulipia, na programu ya kulipia ilikuwa imefunga mlango.

"Mbona mimi sipo?" akauliza shangazi mkubwa. "Elfu hamsini yangu nilituma baada ya Idi."

"Upo, shangazi. Upo kwenye ile nyingine."

"Ile ya leseni."

"Ndiyo."

"Hata mimi simo," akasema yule mzee nisiyemjua upande wake. "Elfu thelathini."

Nikatazama kama kuna atakayemshangaa. Hakuna. Wote walikuwa wananishangaa mimi.

Msomaji mwerevu atauliza kwa nini sikusoma meseji za miamala kwenye simu. Nilizifuta. Simu ilikuwa imejaa, na nikajiambia meseji za nini wakati mtu una programu.

Mimi na mpwa wangu tukatumwa Mnarani kama watoto waliotumwa mkaa. Ukungu umeshuka, nyasi zimelowa, ng'ombe wa mtu anatuangalia. Njiani kijana akawa ananifundisha, na kwa kuwa nilikuwa nahema sikuweza kumkatiza.

Kwanza, akasema, programu yenyewe haijui kama nililipa. Haina habari kabisa. Inachofanya ni kulibishia hodi duka lililomo humohumo kwenye simu, duka nalo linapeleka swali kwa seva ya Google, na huko ndiko kuna daftari la nani kanunua nini. Seva ikishatazama daftari inaandika barua ya majibu na kuitia sahihi. Programu ikipokea inaikagua ile sahihi kwa ufunguo ilionao. Na kila swali linaondoka na namba yake ya bahati nasibu, ambayo jibu lazima lirudi nayo, ili mjanja asitumie barua ya mwaka jana. Nikamwambia naelewa, ni kama barua ya mtendaji wa kata, ina muhuri na ina Kumb. Na. Akasema hasa. Majibu ni matatu, ana leseni, hana leseni, au jaribu tena baadaye. Hata mtendaji wa kata anayo hayohayo matatu.

"Sasa Anko, mwandishi wa programu ana hiari. Anaweza kusema, huyu nilishamkagua, nimpe siku kadhaa hata akiwa porini, nimwamini. Wenye Google wenyewe ndivyo wanavyoshauri. Au anaweza kuweka ukali, kila ukifungua lazima uulizwe upya, hakuna kukumbuka. Wako kaweka ukali."

"Mbona Dar hakuniuliza?"

"Alikuuliza kila siku. Dar huzimi data, kwa hiyo alikuwa anajibiwa kabla hujasikia."

Wiki zote nilizojiona mlipakodi, kumbe kila asubuhi nilikuwa natolewa nje ya foleni na kupekuliwa, ila kwa adabu.

"Na ile ya bure?"

"Ya bure imuulize nini mtu? Hakuna aliponunua." Akacheka. "Bure ni bure. Tena dukani ukishaitoa programu kwa bure huruhusiwi kuigeuza ya kulipia. Ya kulipia unaweza kuifanya bure, ila kurudi nyuma hakuna, labda uandike nyingine yenye kitambulisho kipya."

Hilo nililiona la haki. Mama ntilie naye akishakuzoesha pilipili ya bure, siku akiitoza anaukosa mtaa.

Tukafika Mnarani. Intaneti ikaja, vijiti viwili. Nikaigusa programu yangu kwa mkono unaotetemeka, baridi kidogo na aibu nyingi. Kiduara. Kisanduku. Safari hii maneno yalikuwa mapya: programu hii haina leseni, tafadhali inunue. Na vitufe vilikuwa vimebadilika. Nunua, na Toka.

Nikaketi kwenye jiwe lililolowa.

Mpwa akaichukua simu, akachokonoa, akapiga mbinja. Simu yangu ina akaunti mbili. Moja ni yangu ya kazini, niliyonunulia. Nyingine niliundiwa na kijana wa dukani siku niliponunua simu. Watu wangapi wanaijua hiyo! Unalipia simu, kijana anakuuliza "Mzee una imeili?", wewe unasita, yeye anakutengenezea: jina lako, limeungwa na namba alizozipenda yeye, na neno la siri alilokwenda nalo kaburini, au alikohamia. Sasa siku moja kabla ya safari mwanangu alichukua simu akabadili akaunti dukani ili apakue mchezo. Kwa hiyo programu ilipouliza "huyu kalipa?", duka likalitazama jina la yule mtu aliyeundwa na kijana wa dukani. Na yule mtu, kwa kweli, hajawahi kulipa.

"Tumtoe basi," nikasema.

"Tunaweza. Ila Anko, majina ya simu umehifadhi wapi?"

Majina yote nimehifadhi kwake. Mia nne na ushee. Nikimtoa yeye anatoka na ukoo mzima.

"Basi bonyeza Nunua," akasema, "itafunguka sasa hivi." Nami, Mungu anisamehe, nilibonyeza. Kadi ya mtandaoni ilikuwa imebaki na shilingi 340.

Akaniangalia kwa huruma, akatoa simu yake mfukoni, akagusa programu ileile, ya kulipia, aliyorushiwa na fundi wa Kariakoo. Ikafunguka. Akazima data, akaigusa tena. Ikafunguka. Hakuna tangazo, hakuna kiduara, hakuna barua ya mtendaji. "Hii ile sehemu ya kuuliza imeng'olewa," akasema. Hakusema kwa kunisuta, na hilo ndilo lililoniumiza.

Sasa tupange foleni. Wa bure hakaguliwi, kwa kuwa hana alichonunua. Mwizi hakaguliwi, kwa kuwa geti hakuliruka, aliling'oa na kwenda nalo. Anayebaki mlangoni akipekuliwa mifuko ni mmoja peke yake duniani, yule mwenye risiti. Ukaguzi wote huu, na sahihi zake na funguo zake na namba zake za bahati nasibu, umeundwa kumkamata mtu ambaye hapiti hapo, na anayepita hapo ni mimi.

Wala si jambo jipya. Ukaguzi huu wa leseni kwenye Android ulianza Julai 2010, wakati duka likiitwa Android Market. Kabla ya Agosti kwisha alishatokea mtu akaonyesha hadharani kwamba unaweza kuifungua programu, ukaikuta ile sehemu ya kuuliza, ukaigeuza ijibu "ana leseni" daima. Google walijibu kwamba waandishi wafiche zaidi msimbo wao. Wakaficha. Wezi wakafukua. Miaka imepita, wanafichana bado, na kila anayeficha akiongeza kufuli moja, ufunguo wake napewa mimi nibebe.

Naijua pia huruma ya upande wa pili, maana usiku ule wa kununua niliihubiri mwenyewe. Julai 2012, Madfinger Games, watu wa Brno huko Jamhuri ya Cheki, walikuwa na mchezo wao unaitwa Dead Trigger, wanauuza senti 99 za dola. Senti 99! Wakaugeuza bure kwenye Android, wakisema wizi umezidi kiasi kisichoaminika. Mtu anakataa kutoa senti 99 lakini anatumia jioni nzima kutafuta aliyeiba. Na mwandishi mdogo, kwenye hiyo 12,000 yangu, hapati yote. Duka la Google lilikuwa linakata asilimia 30, na tangu Julai 2021 ni asilimia 15 kwa dola milioni moja za kwanza za mwaka. Tuseme kijana wangu amebakiwa na 10,200. Kijana mwenye 10,200 akiweka kufuli simlaumu. Namlaumu kwa kuliweka shingoni kwangu.

Kuna watu waliokuwa na lugha nzuri zaidi. Kwenye kompyuta kulikuwa na WinRAR. Inakupa siku 40 za kujaribu. Siku ya 41 inakukumbusha ulipe, unafunga kile kisanduku, inakufanyia kazi. Siku ya 900 inakukumbusha tena, unafunga, inakufanyia kazi. Mdai wa namna hiyo unamwonea haya mpaka siku moja unamlipa. Sijamlipa, lakini namwonea haya.

Tuliporudi nyumbani tulikuta wazee hawakutungoja. Shangazi mkubwa alikuwa amefungua pindo la khanga, akatoa kitochi chake, kile chenye vitufe vilivyofutika namba, akakifungua kwenye meseji. Hiyo hapo, elfu hamsini, imetumwa, jina langu, tarehe, saa. Kitochi hakikumuuliza kitu. Mwingine akatoa chake. Mwingine. Binti wa darasa la sita akaletewa daftari la shule, akaligeuza nyuma, akapiga mistari kwa rula na kuandika. Kila mtu anasoma meseji yake, anaonyesha jirani, jirani anasema ndiyo. Hesabu ya ukoo ikakusanywa upya kwa nusu saa, na mimi mweka hazina nikapewa kazi ya kushika taa. Yule mzee wa elfu thelathini alipofikiwa akapapasa koti, akasema simu yake kaiacha Korogwe. Baba mkubwa akamwandikia "ahadi".

Tuliporudi Dar, mpwa wangu alihamisha majina, akamtoa yule mtu wa kijana wa dukani, programu ikafunguka. Shangazi yumo humo, tarehe 20 Juni, 50,000. Nikapiga picha nikamtumia binti yake amwonyeshe. Hakujibu.

Juzi nikiwa kwenye daladala, ile programu ya kulipia ikaniletea taarifa ndefu. Tunawashukuru watumiaji wetu, kuanzia sasa programu yetu ni bure kwa wote, hakuna tena ukaguzi wa leseni, na ili kuendeleza huduma tumeongeza matangazo machache. Nilikuwa bado nasoma neno "machache" yule mwanamke akapaza sauti kwamba nimeshinda. Konda akanipongeza. Muda wa kurudishiwa pesa dukani, nimeangalia, ulishapita zamani.

Habari hufika mlimani bila intaneti, kwa njia zake. Jana shangazi kanipigia, amesimama mlangoni, nasikia upepo. Kasikia kwamba ile ya leseni imekuwa bure. Anauliza ile elfu kumi na mbili nitarudishiwa lini, na nilipoinunua niliitoa mfukoni mwangu au kwenye pesa ya harusi.

Nimemwambia mtandao unasumbua.